Kihispania cha Mtoto Mchanga

Juzi rafiki yangu mmoja alinitumia ujumbe wa sauti mrefu kama hotuba ya harusi. Anamfundisha mwanawe nyumbani, mtoto wa miaka sita, na sasa ameamua amwanzishie Kihispania. Ameshapakua programu kwenye simu, ameona vitabu vizuri mtandaoni, kuna mwalimu anayefundisha kwa video, na kila kimoja kina watu wanaokisifia. "Wewe si ulianza ukiwa mdogo hivyo hivyo, tena hukohuko kwenu Mbinga?" akaniuliza. "Niambie nichukue kipi, kichwa kinaniuma."

Ujumbe ulinikuta nyumbani kwa mama, kijijini Mapera, nimekaa kwenye kigoda kando ya vichanja vya kuanikia kahawa. Walikuwa wametoka kuosha kahawa iliyomenywa, na ile harufu yake, tamu na chachu kwa pamoja, ilikuwa imejaa uani. Nikaanza kumjibu, nikafuta. Harufu ile ndiyo darasa langu. Sijui kama wenzangu nao wana harufu inayowarudisha shule. Mimi nikiisikia hiyo, nakaa wima bila kuambiwa.

Nilikuwa darasa la kwanza nilipoanza kuanguka. Ni kifafa, leo nalitamka jina lake bila taabu, lakini wakati ule kila mtu alisema tu "ile hali ya mtoto". Mwalimu wangu alikuja nyumbani kwa heshima zote, akanywa chai, akasifia migomba, na alipokuwa anaaga ndipo akasema watoto wenzangu wanaogopa, ingefaa nipumzike nyumbani hadi dawa zinikubali. Mama alimsindikiza hadi njia panda. Asubuhi iliyofuata alifuta mlango wa stoo kwa kitambaa kibichi, akachukua chaki, akaniandikia hesabu za kujumlisha. Mama alikuwa amemaliza kidato cha nne na aliamini hicho kinatosha kumfundisha mtu yeyote kitu chochote.

Hivyo nikasoma hapo, mlango wa stoo ukiwa ubao, yeye akichambua kahawa mbovu na kuitupa pembeni huku akinisahihisha bila kugeuka. Nilikuwa mtoto pekee kijijini anayebaki nyumbani mchana pamoja na kuku. Wenzangu walipopita na sare zao nilijificha nyuma ya vichanja, kwa sababu niliona aibu.

Sasa, ili mnielewe, lazima niwaambie habari ya kaka yangu Gervas. Mwaka mmoja kabla ya hapo, mjomba wetu wa Lundo, ziwani, aliomba apewe mtoto wa kuishi naye, maana wa kwake walikuwa wameshaoa na kuolewa. Jambo la kawaida kwetu. Gervas akachaguliwa. Na kabla hajaondoka, mama, ambaye kwao ni hukohuko ziwani, alimkalisha jikoni akamfundisha salamu za Kinyasa: ya asubuhi, ya jioni, ya kumwamkia mzee, ya kumpisha mtu njiani. Gervas akazisema hadi zikamnyooka kinywani. Kisha mjomba akaja, akalala kwetu, akaondoka naye. Aliporudi kututembelea alinuka dagaa, alicheka kwa sauti ya watu wa kule, na kulala alikuwa analala kitanda cha wageni. Kitanda chake nilikuwa nimeshapewa mimi.

Kwa hiyo mimi nilijua jambo moja kwa uhakika kabisa: mtoto hafundishwi lugha ya watu wengine bure. Anafundishwa anapokaribia kutolewa.

Siku moja wazee wa ukoo walikusanyika kwetu kwa sengu, ule ugali wa pamoja tunaokula Wamatengo kunapokuwa na jambo la kuamua. Kila nyumba ilileta chakula chake. Sisi watoto tulikuwa tunapita na maji ya kunawa. Niliposhika birika mbele ya babu mdogo, nikamsikia akisema, "Huyu ndiye anayefaa. Wengine wana shule. Huyu yupo tu."

Baba akajibu, "Lakini ni mdogo, Baba Mdogo."

"Mdogo ndiyo vizuri. Lugha inamwingia upesi."

Nilimwaga maji kwenye mkeka. Nakumbuka nilivyofuta, na jinsi hakuna aliyenigombeza, na kutogombezwa kule ndiko kulikonitisha zaidi.

Kesho yake mama akaniambia tutaongeza somo. Kihispania. Kana kwamba amesema tutaongeza chumvi. Mimi Hispania niliijua kwa kitu kimoja tu: ndiko alikokaa Shangazi Sista, dada yake baba, aliyeingia utawa akiwa binti na kupelekwa huko kulea watoto wadogo wa chekechea. Sikuwahi kumwona. Alikuwa picha ukutani, mwenye shela nyeupe na meno kama ya baba. Mjomba alikuwa amemwomba Gervas. Basi zamu ya shangazi ilikuwa imefika, na mimi ndiye niliyekuwa nipo tu.

Mama si mtu wa kuchukua kitu kwa sababu kimesifiwa. Mbegu ngeni ya maharage haipandi shamba zima hata aletewe na nani. Huitengea ngolo zake chache pembeni, yale mashimo yetu ya mteremkoni, apande kwenye matuta yake, aone mvua ikija inakuwaje. Ikiiva anaipika. Halafu anatuwekea mezani bila kutuambia ipi ni ipi, anaangalia sahani gani inaisha. Vitabu navyo aliviendea hivyohivyo.

Cha kwanza kilikuwa kitabu cha Baba Paroko, alichokitumia seminarini, kizito, maandishi kama chawa. Mama alinisomea kidogo akaniangalia. Nilikuwa nahesabu kuku. Akakifunga, akakifuta vumbi, akamrudishia paroko na ndizi.

Kisha baba mdogo, yule mdogo wake baba, akaleta katuni kwenye simu yake ya kupangusa. Hizo nilizipenda, sisemi uongo. Lakini picha zilikuwa zinawaka na kuzima, nyekundu, kijani, nyekundu, na muuguzi alikuwa amemwonya mama kuhusu taa za kumwekamweka kwa mtoto mwenye hali yangu. Mama alitazama katuni moja hadi mwisho akiwa amesimama, akamwambia baba mdogo, "Shemeji, nakushukuru sana. Hii iangalie wewe."

Baada ya hapo akateremka Mbinga mjini kwa bodaboda, akaenda kwa yule kijana wa karibu na stendi anayeingizia watu nyimbo kwenye kadi za simu, akarudi na masomo ya kusikiliza. Mwanamume na mwanamke, sauti safi. Mwanamke anasema neno, mwanamume analirudia, halafu kimya kidogo ili na wewe useme, halafu maana yake kwa Kiswahili cha redioni. Yalikuwa mazuri, leo naweza kukiri. Tatizo lilikuwa walichokuwa wanazungumza. Pasi yangu ya kusafiria iko wapi. Ndege inaondoka saa ngapi. Hili ni sanduku langu. Mama alikuwa anachambua kahawa na kurudia kwa bidii, "Hili ni sanduku langu," na mimi nilikuwa nimekaa pale machozi yananilenga, najiuliza ni mama gani anaweza kumfundisha mwanawe maneno ya kuondokea huku akitabasamu.

Na cha mwisho kilitoka uvunguni. Miaka ya nyuma shangazi alikuwa ametutumia boksi la masweta, na ndani yake kulikuwa na kijitabu cha watoto wachanga, kurasa ngumu kama mbao, picha moja na neno moja kila ukurasa. Mtoto fulani wa Kihispania alikuwa amekitafuna pembeni, alama za meno ziko hadi leo. Glasi ya maji: agua. Mkate: pan. Mtoto anatetemeka: frío, baridi. Blanketi: manta. Kijiko kimenyanyuliwa: más, nyingine. Goti lenye kidonda: duele, inauma. Sabuni, mwezi, na kikombe kilichojaa, yaani inatosha. Ukurasa wa mwisho peke yake ulikuwa na picha mbili: paka yumo ndani ya boksi, aquí, hapa. Na paka huyohuyo yuko juu ya ukuta wa mbali, allá, kule.

Mama alivipanga mezani vilivyobaki, simu yenye kadi na kijitabu, akasema, "Chagua wewe. Tutaendelea na kimoja."

Nilikuwa nimeshafikiria jambo hili kwa akili zangu zote. Niliwaza: nani atampandisha ndege mtoto anayejua kusema maji na mkate tu? Shangazi akija kunichukua, atanisikiliza, ataona sifai, ataniacha. Nikaweka kidole juu ya kijitabu.

"Hicho?" mama akauliza.

"Hicho."

"Cha watoto wachanga?"

"Ndicho ninachokitaka."

Alikichukua, akakifunua kuanzia mwanzo hadi mwisho polepole, akikaa kila ukurasa. Halafu uso wake ukalegea, akanishika shavu. "Umechagua vizuri kuliko mimi," akasema. Nikaingiwa na hofu mpya, kwa kuwa sikuwa nimekusudia kumfurahisha.

Tukakisoma. Tulikisoma hadi kuku wangeweza kukisoma. Mama alikuwa anatamka kila herufi kama Kiswahili, na mara nyingi alipatia kwa bahati. Akininawisha anasema jabón, sabuni, kwa j nzito kama ya jembe, kumbe wenyewe huitamka kama kh. Nikitaka uji zaidi, lazima niseme más, la sivyo kijiko kinabaki hewani. Nilifurahi kimoyomoyo kwamba tunazunguka palepale. Nikaona chumba cha wageni kinapigwa lipu, nikaona kitanda kipya kinaletwa, nikasema moyoni: haya, shangazi analala siku moja, kama mjomba.

Alikuja wakati wa baridi yetu ile ya katikati ya mwaka, ukungu umekaa migombani hadi saa nne. Gari liliingia uani na milango ikafunguka, akashuka kwanza sista mmoja wa shirika lao, wa hapahapa nchini, aliyekuwa ameletwa na dereva kutoka mbali. "Tumsifu Yesu Kristo," akasema, nasi tukajibu. Kisha wakamteremsha shangazi. Picha ya ukutani ilikuwa na mtu aliyesimama. Huyu alishikwa pande zote mbili, mkono mmoja umelala, mdomo umevutwa upande. Wanawake walikuwa wamejiandaa kupiga vigelegele, vilianza, vikafa.

Wakamkalisha sebuleni karibu na mlango. Baba akapiga magoti mbele yake, akamwita kwa jina la utotoni, akamsemesha Kimatengo. Alimtazama baba kwa mapenzi yote na hakujibu. Bibi akajaribu. Mama akasema, "Wifi, karibu nyumbani," kwa Kiswahili. Shangazi akafungua mdomo, na neno lililotoka halikuwa la mtu yeyote mle ndani.

"Frío," akasema.

Wakamletea chai. Akaisukuma. "Frío." Wakamletea uji, wakamletea mto, mmoja akasema anataka kwenda chooni, mwingine akasema anaomba rozari. Kila wakikosea sauti yake ilipanda, na macho yake yakaanza kujaa maji. Yule sista mgeni naye alisimama tu, Kihispania hakukijua. Mama hakusogea. Alikuwa ananiangalia mimi.

Nami nilikuwa naliangalia gari. Milango yake ilikuwa bado wazi, na nafasi nyuma ilikuwapo. Nilijua anachosema. Mtoto anayetetemeka, ukurasa wa tatu. Nikifungua mdomo, nimekwisha. Watasema mtoto anajua, tayari, mpakieni. Nikinyamaza, nabaki kwetu. Sijawahi tangu siku ile kupewa hesabu nyepesi hivyo, na sikuweza kuifanya, maana alikuwa anatetemeka kweli. Niliona kidole chake kinavyogonga kwenye kiti.

Nikakimbilia kitandani kwangu, nikavuta blanketi langu, nikalikokota hadi sebuleni nikamfunika. "Manta," nikamwambia.

Shangazi akanishika mkono kwa ule mkono wake mzima. Maneno yakamtoka kama maji ya bomba lililopasuka, mengi, ya haraka, na sikuelewa hata moja, hadi nikasikia más. Nikaenda nikavua kitenge mabegani mwa mama, nikaongezea. Watu wakaanza kucheka na kulia. Na mimi nikaangua kilio cha kwangu.

"Msinipeleke," nikasema. "Jamani msinipeleke."

"Nani anakupeleka?" baba akauliza. "Wapi?"

"Kule. Kwa shangazi. Si mmenifundisha lugha yao? Kama Gervas."

Hakuna aliyecheka tena. Baba alitoka nje, akasimama kule kwenye vichanja akitupa mgongo. Mama aliketi sakafuni mbele yangu, kwenye saruji baridi, akanishika magoti.

"Hatukukufundisha ili uende," akasema. "Tumekufundisha ili yeye abaki."

Akanieleza pale pale, mbele ya wote. Shangazi alipigwa na kiharusi huko, na alipozinduka Kimatengo kilikuwa kimemtoka, na Kiswahili pia. Kilibaki Kihispania tu, lugha ya miaka yake ya kazi. Alikuwa anawaonyesha masista wenzake picha ya nyumba yetu na kulia, hadi wakakubali kumrudisha. Lakini kwa majaribio. Shirika lilikuwa na nyumba ya watawa wazee, mbali sana na kwetu, ambako wawili walijua Kihispania. Sista atarudi kuangalia. Kama hatuwezi kuelewana naye, hali, halali, analia, watamchukua wakamtunze kule. Kwetu aliyekuwapo nyumbani asubuhi hadi jioni, siku zote, mwenye kichwa chepesi cha kushika maneno, alikuwa mmoja.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Ugonjwa wake ni wa kichwa," mama akasema. "Na wako, tumeambiwa ni wa kichwa. Niliogopa utadhani na wewe siku moja maneno yatakutoka."

Basi hivi ndivyo nilivyomjibu rafiki yangu hatimaye, pale kando ya vichanja. Nilimwambia achukue chochote ambacho mtoto anakirudia bila kutumwa, asihofu kikiwa cha kitoto kupita kiasi. Lakini kabla hajalipia chochote, amkalishe amwambie Kihispania ni cha nini. Kama hajui, wajue pamoja. Mtoto asipoambiwa sababu anajitungia ya kwake, na ya kwake itakuwa mbaya kuliko yoyote.

Sikumsimulia yaliyofuata. Yalikuwa marefu kwa simu.

Shangazi na mimi tulikaa pale uani, yeye kwenye kiti chenye mikono, mimi kwenye mkeka, kahawa ikikauka. Siku za kwanza alizungumza sana nami nikabaki nimetoa macho. Halafu akaligundua jambo. Nilikuwa nimemwekea kijitabu mapajani, akakifunua kwa mkono mmoja, akakiona hadi mwisho, akapitisha kidole kwenye zile alama za meno. Kuanzia hapo hakuniambia neno ambalo halimo. Mwanamke aliyefundisha kwa lugha hiyo maisha yake yote aliikunja ikaenea kwenye kurasa zile, kwa ajili yangu. Maji. Baridi. Inatosha. Mama alipomletea sabuni na kuitaja kwa ile j ya jembe, shangazi alicheka hadi chai ikamwagika, na mama, ambaye hapendi kuchekwa, akairudia makusudi. Kila siku aliirudia.

Siku moja nilianguka nikiwa naye. Nilipozinduka kichwa changu kilikuwa miguuni pake na mkono wake ulikuwa juu ya nywele zangu. Sijui aliinama vipi na mwili ule. Hakuwa ameita mtu. "Duele?" akaniuliza. Nikamwambia hapana. Watu wengine nikizinduka walikuwa wananitazama kama wamekiona kitu. Yeye alikuwa anasubiri tu nirudi, na niliporudi akanionyesha ukurasa wa mkate, maana alikuwa na njaa.

Kisha sista akarudi, kama alivyosema. Tulilisikia gari likipanda mlima kabla halijaonekana. Mama alikuwa bondeni kwenye maharage, baba mjini. Gari likaingia, likasimama palepale liliposimama mwanzo, na shangazi akalitambua. Uso wake ukabadilika. Akalishika gauni langu, akavuta, hata nikakaribia kumwangukia. Kinywa kikahangaika kutafuta, na nikajua anatafuta ndani ya kijitabu, kwa ajili yangu, neno ninalolijua.

"Allá?" akasema. Akaonyesha gari kwa kidevu. "Allá?"

Kumbe naye. Mtu mzima, mtawa, aliyevuka bahari, naye alikuwa anakaa kila siku kwenye kiti kile akiogopa kilekile nilichokiogopa mimi. Hakuna aliyekuwa amemwambia, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na maneno ya kumwambia, isipokuwa mimi, na mimi sikujua kwamba anauliza.

Sista alikuwa ameshashuka anakuja kwetu. Sikumwamkia. Nilipanda mapajani kwa shangazi, mtoto mkubwa mzima, nikamshika uso kwa mikono miwili ili anione vizuri.

"Aquí," nikamwambia. Nikapiga kiti. "Aquí." Nikajigonga kifua changu, nikagonga chake. "Aquí, shangazi. Aquí."

Akanitazama mdomo, kama mimi ndiye mwalimu. Kisha akavuta pumzi, akamgeukia sista, akamwambia yeye mwenyewe, kwa sauti iliyonyooka kuliko zote nilizowahi kumsikia nazo: "Aquí."

Sista hakujua Kihispania, lakini hakuuliza maana yake. Alikunywa chai, akamsubiri mama apande kutoka bondeni, wakazungumza. Alasiri gari likageuza na kushuka mlima, na ndani yake walikuwamo dereva na yule sista tu.